Chamberlain 1962: Hesabu ya Pointi 50.4

Mchezo wa NBA una dakika 48. Msimu wa 1961-62, Wilt Chamberlain wa Philadelphia Warriors alicheza wastani wa dakika 48.5. Uchapaji haujakosewa: Warriors waliingia muda wa ziada mara kadhaa, na kocha Frank McGuire hakuwa na nia ya kumweka benchi. Katika michezo yote 80 alikosa dakika zisizofika tisa, tena kwa sababu refa alimtoa nje.

Anayetaka kuelewa wastani wake wa pointi 50.4 kwa mchezo msimu huo aanzie hapo. Wengi huishia kwenye urefu wake, mita 2.16. Ulisaidia, hasa kwa kuwa eneo la chini ya kikapu lilikuwa na upana wa futi 12 tu (mwaka 1964 likapanuliwa hadi 16), hivyo aliupokea mpira karibu na pete. Lakini warefu walikuwepo wengine. Walt Bellamy wa Chicago, naye jitu, aliishia 31.6.

Siri ni wingi. Chamberlain alirusha karibu mara 40 kila mchezo, zikaingia 20. Hizo ni pointi 40. Kumi zilizobaki alizichuma kwenye mitupo huru, 17 kwa mchezo, kwa asilimia 61. Kwa mwingine hiyo ni aibu. Kwake ndiyo iliyokuwa bora maishani, maana msimu huo alirusha kutokea chini, mikono miwili ikianzia usawa wa magoti. Machi 2, 1962, mjini Hershey, alipowafunga New York Knicks pointi 100, mitupo huru 28 kati ya 32 iliingia. Dakika za mwisho Knicks waliwachezea rafu wenzake makusudi ili mpira usimfikie. Warriors nao wakawachezea Knicks rafu ili waupate haraka. Baadaye aliuacha mtindo ule wa kurusha kutokea chini kwa kuona haya. Uamuzi wa ajabu!

Hata Michael Jordan wa 1986-87, kwa wastani wa pointi 37.1, bado yuko mbali na 50.

Hata hivyo, tuzo ya mchezaji bora wa msimu wa 1961-62, iliyopigiwa kura na wachezaji wenyewe, ilikwenda kwa Bill Russell wa Boston Celtics, mwenye wastani wa pointi 18.9. Celtics hao hao ndio waliowatoa Warriors kwenye mchezo wa saba wa mchujo, 109-107.