Pikipiki Inayovuta Kushoto: Kumsoma Che Guevara Nikiwa Kigoma

Vitabu viwili vya Che Guevara nilivitia kwenye begi la kushoto la pikipiki, nikatoka Tabora kwenda Kigoma. Nataja upande kwa sababu utakuja kuwa na maana. Kimoja ni shajara ya safari yake ya pikipiki Amerika Kusini mwaka 1952, ile aliyoitengenezea filamu Walter Salles mwaka 2004. Cha pili ni cha vita vya Kongo vya 1965, na wengi wetu hatujakigusa. Cha kwanza kila mtu anakipenda. Mimi sasa naona cha pili ndicho kitabu hasa, na aliyenifikisha hapo ni fundi mmoja wa Mwanga, Kigoma, ambaye hajasoma hata kimoja.

Baada ya Uvinza pikipiki ilianza vituko. Kona ya kushoto inalala yenyewe. Ya kulia mpaka niisukume kwa bega. Kwenye lami iliyonyooka, nikilegeza mikono kidogo, inavuta kushoto. (Marafiki zangu wa siasa wameshacheka vya kutosha juu ya hilo, asanteni.) Nikajipa jibu njiani: beringi za usukani zimekwisha. Kwa hiyo kwa fundi nilifika na jibu, swali sikuwa nalo.

"Shikamoo, fundi. Nataka beringi mpya za usukani."

"Marahaba, kijana wangu. Nani kakwambia mbovu?"

Sikuwa na la kusema. Akashusha mabegi yote, akaniambia niende Ujiji nirudi. Nilivyorudi, inavuta bado, ila kidogo. Akapima upepo, mbele na nyuma. Akainua tairi la mbele, akazungusha usukani taratibu kwa vidole viwili: beringi mbovu hukwama katikati, kama kuna kishimo. Ya kwangu ilipita laini. Ndipo akachukua uzi, akaufunga kwenye tairi la nyuma na kuuvuta pande zote mbili mpaka la mbele. Upande mmoja kulikuwa na nafasi ya kidole, upande wa pili uzi unagusa. Tairi la nyuma lilikuwa limekaa mshazari.

"Cheni alikaza nani mara ya mwisho?"

Mimi. Uvinza, kwa haraka, nati ya upande mmoja nikaizungusha zaidi ya mwenzake. Halafu begi la kushoto, lenye kamera na vitabu, lilikuwa zito kuliko la kulia. Makosa mawili yameegemeana, na yote yangu. Ningenunua zile beringi, ningeondoka na ugonjwa uleule na pesa pungufu.

Usiku ule nikafungua shajara ya pikipiki. Mwanzoni kabisa Che anaeleza kwamba uzito wote wa ile Norton 500 ya 1939 ulikuwa nyuma, tairi la mbele likawa linataka kuinuka, na kuzubaa kidogo tu kunawaangusha. Yaani tatizo kalitaja mwenyewe! Kisha yeye na Alberto Granado wanaanguka, wanacheka, wanafunga waya, wanatafuta wa kuwachomelea, wanaanguka tena. Inachekesha kweli, na vijana wa miaka ishirini na kitu wana haki ya kucheka. Lakini hakuna anayeshusha mabegi. Pikipiki ikafia Chile, na kwa maoni yangu hapo ndipo kitabu kinapoanza kupumua, kwa sababu anayetembea kwa miguu na kuomba lifti za malori analazimika kutazama watu.

Kitabu cha Kongo kinatoka mkono mwingine. Aprili 1965 Che alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma hii hii mpaka Kibamba, kwa jina la Tatu. Walimfuata Wacuba zaidi ya mia moja. Novemba wakarudi kwa boti, wameshindwa. Anasema mwanzoni tu kwamba anaandika habari za kushindwa, na tangu hapo hafungi waya popote. Anapanga visababishi: viongozi wasiofika mstari wa mbele, wapiganaji wanaokimbia, dawa ya kuzuia risasi, Wacuba waliochoka.

Mwishoni anajigeukia mwenyewe, na hapo msomaji wa Kiswahili atakaa wima. Anakiri kwamba hakujifunza Kiswahili haraka wala vizuri, na kwamba Kifaransa chake ndicho kilichomponza: kilimwezesha kuongea na wakubwa, kikamtenga na wapiganaji wa kawaida. Mwalimu alikuwa naye, kijana Freddy Ilanga, ambaye baadaye alikuja kuwa daktari Cuba. Mtu aliyebeba jina la Kiswahili miezi saba anakubali kwamba lugha yenyewe ilimpita. Hiyo ndiyo "cheni alikaza nani", na kajiuliza mwenyewe bila kusukumwa. Sijui makamanda wangapi wameandika hivyo.

Lakini nina ugomvi naye, na ni wa kwetu huku. Kigoma katika kitabu hiki ni baa, pombe na madanguro, mahali wapiganaji wanapokuja kuharibika na viongozi wanapojificha. Sikatai kwamba baa zilikuwepo. Ila mbinu ya fundi inauliza: shusha mzigo huo, je, chombo kinanyooka? Ondoa Kigoma yote, bado viongozi wanagombana wao kwa wao, bado Tshombe anafukuzwa Oktoba 1965 na Tanzania inataka Wacuba waondoke. Kigoma ilikuwa beringi zake za usukani: jibu alilofika nalo. Na waliomvusha, wauza dagaa wa mwaloni, watu walionyamaza miezi yote ile huku mizigo ikipita gizani, hawana sura katika kitabu. Kiswahili kilichompita ndicho walichokuwa wanaongea hao. Hiyo nati hakuifikia.

Fundi alinyoosha tairi kwanza, akanituma tena Ujiji kabla hajaniruhusu kugusa mabegi. "Ukitengeneza viwili mara moja, hujui kipi kimepona," alisema. Jioni nikahamishia vitabu kulia, kamera ikabaki kushoto.