Kiti na Mtu: Juu ya Emoji ya Kiti cha Magurudumu

Alama ya kiti cha magurudumu ilikuwa ya ukutani kabla ya kuingia katika simu. Mwaka 1968 Susanne Koefoed, mwanafunzi wa usanifu kutoka Denmark, alichora umbo la kiti lisilo na kichwa. Mwaka 1969 Karl Montan akaliongezea duara juu, kiti kikapata kichwa. Hapo ndipo utata ulipoanza: je, alama inataja kiti, au inamtaja mtu?

Orodha ya herufi ya Unicode iliipokea mwaka 2005 bila kulijibu swali hilo. Mwalimu akiwaandikia wanafunzi saa na chumba cha mtihani, kisha akaweka ♿, anataja mahali: pana njia isiyo na ngazi. Mwingine akiiweka baada ya jina la mwenziwe, anamtaja mtu kwa chombo chake. Na wapo, hasa katika mazungumzo ya wachezaji wa michezo ya kompyuta, wanaoirusha kama tusi kwa mchezaji dhaifu. Matumizi haya ya tatu si mzaha mdogo, kwani huyachafua yale ya kwanza: anayeihitaji njia ile aweza kusita kuiandika alama inayoitaja.

Kiswahili kinalijua tatizo hili. Kilema, kipofu na kiziwi huvaa kiambishi ki- sawasawa na kiti. Lakini Kiswahili sanifu hudai kilema amefika, wala si kimefika. (Hoja isivutwe mno: kiongozi naye ni wa ki-, na hakuna amwonaye kuwa kitu.) Upatanisho ndio unaomtambua mtu. Emoji haina upatanisho. Maana yake huamuliwa na maneno jirani, na mara nyingi maneno hayo hayapo.

Nyongeza za mwaka 2019 zilitenganisha mambo: kiti cha kusukuma, kiti cha mota, kisha mwanamume na mwanamke waliomo kitini, pamoja nao fimbo nyeupe na sikio lenye kifaa cha kusikilizia. Kazi hiyo yastahili sifa. Hata hivyo, msomaji wa Kinshasa hatakiona humo chombo akijuacho: baiskeli ya magurudumu matatu iendeshwayo kwa mikono, ile iliyojulikana duniani kwa wanamuziki wa Staff Benda Bilili, na iliyovusha bidhaa kwa kivuko baina ya Kinshasa na Brazzaville. Mwenye chombo hicho ni dereva na mchukuzi. Akitaka kujitaja katika ujumbe, hana budi kuazima kiti cha mwingine au kuandika neno zima.