Kupogoa au Kupinda? Maoni Juu ya Istilahi za Kuhariri Picha na Maandishi

Miongoni mwa maneno yanayogeuzwa vibaya na mashine za kutafsiri lipo moja dogo ambalo mtumishi yeyote wa ofisi hukutana nalo anapotaka kuondoa kando za picha. Kwa Kiingereza neno lenyewe ni crop. Mashine ikipewa neno hilo pweke, bila sentensi ya kulisindikiza, aghalabu hujibu "mazao". Na hivyo mwalimu wa Pemba anayetaka kuondoa ukuta uliobomoka pembeni mwa picha ya darasa lake hupewa habari za mavuno. Kosa hilo linachekesha, na kwa kuwa linachekesha halina madhara makubwa, maana kila mtu huliona. Maoni haya yanahusu makosa ya aina nyingine: yale ambayo neno lililochaguliwa ni Kiswahili safi, linasikika vyema masikioni, na bado linampotosha anayelitumia.

Anayekaa kwa muda katika maduka ya uchapaji ya Chake Chake au Wete, mahali ambapo vyeti, kadi za harusi na mabango ya maulidi hutengenezwa, atasikia kitendo hiki kikitajwa kwa maneno manne: kukata, kupunguza, kupogoa na kukropu. Yafaa tuyapime moja moja, na tuyapime kwa kutazama kinachotendeka kwenye kompyuta, si kwa kutazama kamusi peke yake.

Kukata ndilo neno linalomjia mtu kwanza, nalo ndilo baya kuliko yote. Tayari lina kazi yake. Katika utaratibu wa kata, nakili na bandika, ambao watumiaji wengi wameuzoea, kile ulichokichagua ndicho kinachoondoka. Katika kitendo tunachokizungumzia mambo ni kinyume: kile ulichokizungushia mstari ndicho kinachobaki, na kila kilicho nje yake ndicho kinachoondoka. Kuviita vitendo viwili vinavyopingana kwa jina moja ni kumtegea mtumiaji mtego. Aliyeambiwa "kata uso" hajui kama uso utabaki au utakwenda.

Kupunguza nako kuna kasoro yake, ingawa ni ya namna nyingine. Picha inaweza kupunguzwa kwa kuondolewa kando, na inaweza kupunguzwa kwa kufanywa ndogo yote pamoja na kila kilichomo. Mwombaji wa kitambulisho aliyeambiwa picha yake "ni kubwa, ipunguzwe" huenda akaondoa mabega yanayotakiwa kuonekana, au akaacha mabega na kuibana picha kutoka ubavuni mpaka uso ukawa mwembamba kama kokwa ya tende. Wote wawili wametii Kiswahili walichopewa. Neno linaloruhusu utii wa namna mbili halijafikia daraja ya istilahi.

Juu ya kukropu nitasema machache tu. Sioni haja ya kulitweza. Lina sifa moja ambayo wenzake hawana, nayo ni kwamba halina kazi nyingine katika lugha yetu, na kwa hiyo halichanganyi. Lakini halimwelezi lolote asiyelijua. Na utaratibu wa kuunda istilahi unaofahamika siku zote umetutaka tutafute kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake kabla ya kubisha hodi kwa jirani.

Linabaki kupogoa. Mimi nimekuwa mtetezi wa neno hili kwa muda mrefu, na sababu zake si ngumu. Apogoaye mti haukati mti. Huondoa matawi asiyoyataka, na mti hubaki umesimama, pengine ukiwa na sura iliyo bora zaidi. Macho yake yako kwenye kile kinachobaki. Ndivyo ilivyo kwa mhariri wa picha. Isitoshe, neno linanyumbulika bila taabu: pogoa, pogolewa, mpogoaji. Katika kisiwa ambacho watu wake wameishi kwa miti, kuanzia mikarafuu hadi minazi na miembe, hakuna atakayeuliza maana yake. Nilidhani shauri limekwisha.

Halikwisha, na lililonizindua si lugha bali mashine. Mti ukipogolewa, tawi huanguka chini, likakauka, likawa kuni. Hakuna awezaye kulirudisha mtini. Je, kando za picha huanguka? Katika programu za ofisi zilizo maarufu kuliko zote, yaani zile za kuandikia barua na za kutayarishia maonyesho ya mihadhara, hazianguki. Unapoondoa kando za picha ndani ya Microsoft Word au PowerPoint, programu inazificha tu. Picha nzima imo bado katika faili. Yeyote anayeipokea faili hiyo anaweza kubofya picha, akashika kingo zake na kuzivuta nje, na kila kilichofichwa kikarejea. Kuna amri ya kuzifuta kando hizo moja kwa moja, lakini imewekwa mahali pengine, katika sehemu ya kubana ukubwa wa picha, na wengi hawajapata kuifungua. Katika programu ya Paint, kwa upande wa pili, kando zikishaondolewa na picha ikahifadhiwa, zimekwenda kweli.

Tuchukue mfano wa karani anayetayarisha taarifa ya robo mwaka. Anapiga picha ukurasa wa daftari ili kuonyesha namna kumbukumbu zinavyowekwa, kisha anaondoa safu ya majina ya wagonjwa ili siri yao ihifadhiwe. Ameelekezwa kwa Kiswahili: "pogoa picha". Amepogoa. Anaamini, na lugha yake mwenyewe inamthibitishia, kwamba majina yameanguka chini kama matawi. Anaituma taarifa kwa watu thelathini, na majina yote yamo ndani yake, yakingoja mkono wa kuvuta ukingo. Hakufanya uzembe. Alifanya kile ambacho neno lilimwambia.

Kwa hiyo hoja ya istilahi hapa si mapambo. Hata wenye ujuzi wamepata kudanganyika. Machi 2023 ilifichuliwa kwamba chombo cha kuhariri picha katika simu za Google Pixel kilikuwa kikiacha sehemu ya picha ya awali ndani ya faili, hata baada ya kando kuondolewa na picha kuhifadhiwa upya. Na siku chache baadaye kasoro ya jinsi hiyo ikaonekana katika vyombo vya Windows vya kunasia skrini. Faili mpya, iliyo fupi, iliandikwa juu ya ile ya zamani iliyo ndefu, na mkia wa ile ya zamani haukuondolewa. Kasoro hizo zilirekebishwa, lakini urekebishaji hauzifikii picha zilizokwisha kusambazwa. Lile lilikuwa kosa la watengenezaji. Hili la programu za ofisi si kosa. Ndivyo zilivyokusudiwa kufanya kazi, ili mtu aweze kubadili nia. Lililo kosa ni sisi kukiita kwa jina la kitendo kingine.

Basi kitendo cha kuondoa kando machoni huku zikiwa zimebaki ndani, tukiiteje? Jibu nililipata kwa mafundi cherehani. Kanga huuzwa doti, vipande viwili vikiwa vimeungana. Mnunuzi huzitenganisha, kisha zile kingo zilizochanika hupelekwa kupindwa. Fundi hakati kingo. Huzikunja ndani kidogo na kupitisha uzi juu yake. Kwa nje nguo imekoma pale penye mshono. Kwa ndani kitambaa kingalipo, na siku ukitaka kukirefusha, unafumua. Sioni tendo jingine katika maisha yetu ya kila siku linalofanana zaidi na lile linalotendwa na programu ya ofisi. Hiyo ni kupinda, na si kupogoa.

Najua pingamizi litakalotolewa mara moja, kwa sababu nami nimejipinga nalo. Kupinda ndilo neno linalotumiwa na wengi kwa kitendo kingine kabisa katika programu zizo hizo: kuyafanya maandishi yaende kwa mviringo badala ya mstari ulionyooka. "Pinda maandishi" husema wachapaji, na wanaeleweka. Je, tutaweka pinda mbili katika orodha moja? Hatuwezi. Inatupasa tuchague ipi ibaki, na ili tuchague vyema hatuna budi kuangalia kwa makini hicho kinachoitwa kupinda maandishi.

Ukikitazama, utaona kwamba si kitendo kimoja. Katika orodha ya mitindo ya WordArt vimo vitendo vya makundi mawili. Kundi la kwanza huziacha herufi zilivyo na kuubadilisha mstari zinaposimama: mstari unakuwa tao, au duara kamili, na herufi zimepangwa juu yake kama vigae vya paa. Hivi ndivyo mihuri yetu ilivyo, jina la ofisi likizunguka kwa juu na jina la mahali kwa chini. Kundi la pili haligusi mstari bali herufi zenyewe, ambazo huvimba katikati, husinyaa pembeni au huyumba kama bendera. Anayetengeneza nembo kwa ajili ya muhuri anataka la kwanza, na akipewa la pili kazi yake imeharibika. Neno "pinda" haliwatenganishi hao wawili, na ndiyo maana tunaona katika mabango mengi majina ya watu waheshimiwa yamevimba kama yaliyotiwa hamira.

Wako waliopendekeza "peta" kwa kundi la kwanza, wakikumbusha kwamba neno hili lina maana ya kukunja kitu kwa mviringo na kwamba lina udugu na pete. Hoja ni nzuri katika kamusi. Lakini hapa Pemba, ambako mpunga hulimwa, mtu akisikia kupeta huona ungo na makapi, na istilahi inayohitaji kuelezewa asili yake kila inapotumika si msaada kwa mwalimu. Napendelea tuache kitenzi na tushike jina: tao. Tuseme "maandishi ya tao", na tukitaka kuwa dhahiri zaidi, "tao la juu" na "tao la chini". Na yale yanayozunguka duara lote tuyaite "maandishi ya mzingo". Kwa kundi la pili tunalo neno la wafinyanzi. Afinyangaye hubadili umbo la udongo uleule, hapa akiutanua, pale akiubana. "Finyanga maandishi" itamwonya mtumiaji kwamba herufi zake hazitabaki zilivyokuwa.

Hata hivyo maandishi ya mzingo si jambo geni kisiwani. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, ng'ambo ya ghuba ya Wete, ilifukuliwa hazina ya sarafu ndogo za madini ya fedha zaidi ya 2,000, na pamoja nazo chache za dhahabu, zikiwamo dinari za Wafatimi. Dinari za watawala hao zinajulikana kwa maandishi yake yanayokwenda duara ndani ya duara. Fundi aliyechonga mhuri wa sarafu ya namna hiyo alikabiliwa na tatizo lilelile linalomkabili kijana wa duka la uchapaji hivi leo anapoweka jina la madrasa kwa hati ya Kiarabu juu ya tao: herufi za hati hiyo hushikana mikono, na programu isiyoijua hati hiyo huziachanisha. Istilahi ya kuurefusha mkono huo baina ya herufi nayo inangoja mtu wa kuishughulikia. Mimi sitaijaribu hapa.

Narudi kwenye picha. Tukikubali tao, mzingo na finyanga, neno pinda linakuwa huru, na linaweza kurudi kwa mafundi cherehani lilikotoka. Napendekeza basi istilahi mbili badala ya moja: "pinda kingo" kwa kitendo kinachoficha, na "pogoa" kwa kitendo kinachoondoa kabisa. Nasisitiza kulitaja neno kingo katika ile ya kwanza, ili asiwepo atakayedhani anaambiwa akunje picha.

Itasemwa kwamba Kiingereza kinatosheka na neno moja kwa vitendo vyote viwili, na kwamba mfasiri hana ruhusa ya kutenganisha kilichounganishwa na mwandishi. Sikubaliani. Mfasiri wa menyu hafasiri shairi. Anaandika maelekezo yatakayotekelezwa na mkono wa mtu. Orodha nyingi za istilahi hupangwa kwa safu mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, na mtungaji hujaza safu ya kulia bila kuiwasha kompyuta. Kamusi tunazo. Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010, na baada yake kamusi za lahaja, ikiwamo ya Kipemba. Programu za Kiswahili nazo zilianza zamani kidogo: Jambo OpenOffice, iliyotokana na mradi wa Kilinux uliokishirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoka mwaka 2004. Kilichopungua ni safu ya tatu katika orodha hizo, itakayoeleza kwa sentensi moja kinachotokea baada ya kubofya.

Kwa istilahi hizi mbili safu hiyo ingesomeka hivi. Pinda kingo: kando hazionekani, lakini zimo katika faili. Pogoa: kando zimefutwa na hazirudi. Na kwa amri ya kuzirejesha kando zilizopindwa, ambayo sasa huitwa kwa maelezo marefu yasiyokaa katika kitufe, mafundi wa kanga wanalo neno tayari: fumua.