Sinema «Indigènes»: mama wa Saïd amesahauliwa

Tumetazama sinema ya Rachid Bouchareb, «Indigènes», iliyotoka mwaka wa 2006. Ni habari ya askari wa Afrika ya Kaskazini walioipigania Ufaransa katika vita vya 1939-1945. Inastahili sifa. Sinema ngapi zimefungua sanduku la serikali? Kwa sheria ya 1959 Ufaransa ilizuia pensheni za askari wa makoloni yake zisipande tena, na zile za Wafransa zikaendelea kupanda. Sinema ilipotoka, rais Chirac aliagiza zirekebishwe, ingawa si zote. Nyingine zilingoja hata uamuzi wa Baraza la Katiba wa mwaka wa 2010.

Lakini tuna neno. Saïd anapoondoka, mama yake, maskini kabisa, anamsihi asiende. Saïd anauawa katika kijiji cha Alsace. Na mama yule je? Hatumwoni tena. Mwishoni tunaonyeshwa Abdelkader, aliyepona, mzee kati ya makaburi, kisha maandishi machache juu ya pensheni, kana kwamba deni ni la wanaume tu.

Sivyo. Mjane hupewa sehemu ya pensheni ya mumewe. Basi ya mume ikizuiliwa, ya mjane imezuiliwa pia, naye atabaki na feza ile ndogo miaka mingi baada ya mazishi. Babu zetu waliopelekwa Abisinia mwaka wa 1941 nao waliacha wanawake nyumbani. Tulitaka kumwona mmoja wa hao, amesimama penye dirisha la posta, akihesabu.