Usiku wa Kuamkia Kasi

Saa tatu usiku nimelala chali juu ya katoni, chini ya gari, tochi nimeiuma kwa meno. Mke wangu amekaa kwenye usukani na koti lake la baridi, ananisaidia bila furaha. "Kanyaga," namwambia. Anakanyaga breki, mimi nalegeza nati ndogo nyuma ya gurudumu, maji ya breki yanachirizika ndani ya mpira mwembamba hadi kwenye chupa. "Shikilia." Nakaza. "Achia." Tutarudia hivyo kwa magurudumu yote manne, mpaka kisitoke hata kipovu kimoja. Kesho naenda Brands Hatch.

Brands Hatch ni uwanja wa mbio za magari ulioko Kent, kusini-mashariki mwa London, ndani ya bonde lililoumbika kama bakuli. Lami yake ya kwanza iliwekwa mwaka 1950, na kati ya 1964 na 1986 mashindano ya Formula 1 ya Uingereza yalifanyika pale mara 12. Siku hizi mtu wa kawaida mwenye leseni na gari zima hulipa ada yake akaendesha palepale walipopita mabingwa. Si mashindano. Hakuna kombe, na wa nyuma hakupiti mpaka umruhusu. Njia fupi ya pale ni kilomita 1.9 tu, mzunguko wa dakika moja hivi.

Watu hunisikia nikiitaja siku ya uwanjani wakadhani napenda kasi. Naipenda, ndiyo. Lakini kilichonishika hasa ni usiku kama huu, wa matayarisho.

Sisi watu wa pwani tungepaswa kulielewa jambo hili haraka. Sheria ya Tanzania huliita gari chombo cha moto, na jina hilo la chombo ndilo tulilolipa jahazi. Jahazi halitoki bandarini kwa ushujaa wa nahodha peke yake. Kwanza hulazwa ufukweni maji yakitoka, likakalafatiwa kwa pamba na mafuta, ufa baada ya ufa, kisha chini likapakwa deheni. Anayekalafati hafanyi kazi ya kuonekana. Pamba yake ikishaingia kati ya mbao, haionekani tena. Bahari ndiyo itakayoipima.

Mimi lami ilinipima mara yangu ya kwanza. Nilikuwa nimeosha gari likang'aa, nimenunua glavu, nimetia mafuta tangi tele. Maji ya breki sikuyagusa. Gari si linasimama vizuri kila siku sokoni na kazini? Mzunguko wa saba au wa nane, nimeshateremka ile kona ya Paddock Hill ambayo ardhi hukutoroka chini ya magurudumu, napanda kuelekea kona kali ya Druids, nikakanyaga breki. Kanyagio likazama kama nimekanyaga dodoki. Nikalipiga mara ya pili, ya tatu, likashika kidogo. Kilichoniokoa ni kile kilima: gari lilikuwa linapanda, likapungua mwendo lenyewe. Nilirudi polepole, nikakaa ndani ya gari kwa muda mrefu bila kuvua kofia.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Breki hugeuza mwendo kuwa joto, na mwendo ukiongezeka mara mbili joto huwa mara nne: kusimamisha gari kutoka kilomita 120 kwa saa ni kazi nne za kulisimamisha kutoka 60. Barabarani breki hupata nafasi ya kupoa. Uwanjani zinakabwa tena kabla hazijapumua. Sasa, haya tunayoyaita maji ya breki si maji, na adui yake mkubwa ni maji yenyewe. Huyanyonya kutoka hewani mwaka baada ya mwaka. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishalowa unyevu, kiwango chake cha kuchemka kinaruhusiwa kushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Mguu wako unabonyeza mvuke, diski hazipati habari.

Tangu siku hiyo nina utaratibu, nao haupindwi. Napima unene wa padi. Natazama ubavu wa kila tairi kwa ndani, upande ambao mtu hauoni akiwa amesimama. Nakaza nati za magurudumu kwa spana yenye kipimo, na kesho nitazikaza tena zikishapata moto. Upepo wa tairi naupima zikiwa baridi, kisha kila nikitoka uwanjani, kwa sababu joto huupandisha. Naangalia oili, nashika betri niitikise. Halafu naondoa kila kisichofungwa: spea, zulia la miguuni, sarafu, viatu vya mtoto, na hasa chupa ya maji. Chupa iliyoviringika ikaingia nyuma ya kanyagio la breki ni kifo cha kipuuzi.

Kisha napanga dereva, chombo kigumu kuliko vyote. Kiti nakisogeza mpaka mgongo ukiwa umeegemea, kifundo cha mkono kifike juu ya usukani. Viatu vya soli nyembamba, mguu usikie. Bendera nazikariri upya: njano, hatari mbele; bluu, mwenye kasi yuko nyuma yako; nyekundu, wote warudi taratibu; nyeusi, wewe peke yako unaitwa. Na lililobaki ni kulala mapema, na kukiacha kiburi nyumbani, maana hicho nacho hakifungiki.

Gwiji wa safari ndefu kutoka kwetu, Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, Simba wa Kenya, alianza kama fundi katika gereji ya baba yake. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally kwa Volvo lililokwishatumiwa, wakaacha nyuma magari mapya ya viwanda. Alishinda tena 1974 na 1976. Lakini hesabu ninayoiheshimu zaidi ni nyingine: kati ya Safari 22 alizoingia, alimaliza 19, katika mashindano ambayo magari mengi yalibaki matopeni. Kushinda kunahitaji na bahati. Kumaliza mara 19 ni mkono uliokaza nati.

Nami sitafuti ushindi. Kesho nitazunguka mizunguko michache kwa mkupuo, wa mwisho nikiuendesha pole ili breki zipoe. Nitaegesha nikitia gia bila kuvuta breki ya mkono, padi zisigandamane na diski za moto. Nikianza kuchoka nitaondoka kabla ya kengele, hata kama nimelipia. Na palepale Druids, nikikanyaga, sitakuwa nawaza breki. Nitakuwa naitazama kona.

"Bado?" mke wangu anauliza kutoka juu.

"Mara ya mwisho. Kanyaga."

Mpirani sasa yanapita maji meupe, hayana kipovu. Kwenye chupa, yaliyotoka mwanzo yametuama chini, rangi ya chai ya rangi iliyochemka mno. Nakaza nati, nafuta mkono. Anashuka, anaichukua chupa, anainua kwenye tochi na kuitazama.

"Hii ndiyo ilikuwa ndani? Na mimi humu humu nampeleka mtoto shule?"