Daftari la Mwanafunzi: Maneno juu ya Kitabu cha Anne Frank
Kila mwaka waalimu huwapa wanafunzi wao insha yenye jina "Shule Yetu", na kila mwaka hupokea insha ile ile: shule yetu ni nzuri, waalimu wetu ni wema, bustani yetu ina maua. Mwaka mmoja kijana wa kidato cha pili hakutuandikia hivyo. Aliandika kwamba kengele huwapigia wanafunzi peke yao, kwa maana waalimu huja wapendapo. Tena kwamba wasichana hutumwa maji kisimani wakati wa hesabu, kisha huchekwa kwa kuwa hawajui hesabu. Tulipiga mstari mwekundu tangu juu hata chini, tukamwamuru aandike upya. Akaandika: maua, waalimu wema, yote. Tukampa alama nzuri. Tangu siku ile hakutuandikia tena neno la moyoni mwake, wala sisi hatukujua tumepoteza nini, mpaka tuliposoma kitabu tutakachokizungumza hapa.

Kitabu hicho ni daftari la habari za kila siku la Anne Frank, msichana wa Kiyahudi aliyezaliwa mjini Frankfurt, Ujerumani, tarehe 12 Juni 1929. Wazazi wake walihamia Amsterdam, katika nchi ya Uholanzi, kwa kumkimbia Hitler. Walakini majeshi ya Wajerumani yaliingia huko pia mwezi wa Mei 1940. Daftari alilipewa siku alipotimiza miaka 13, naye alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika shule ya sekondari ya Wayahudi, maana watoto wa Kiyahudi walikuwa wamekwisha kutengwa na wenzao. Hata mwezi haujaisha, tarehe 6 Julai 1942, jamaa ile ilijificha katika vyumba vya nyuma vya nyumba ya biashara ya baba yake. Wakawa humo watu wanane, wakakaa zaidi ya miaka miwili wasitoke nje. Tarehe 4 Agosti 1944 walikamatwa. Anne alikufa katika kambi ya Bergen-Belsen mapema mwaka 1945, umri wake miaka 15. Katika wale wanane alirudi baba yake peke yake. Kitabu kilipigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1947, na leo kimekwisha kufasiriwa kwa lugha zaidi ya 70.

Watu wengi hukisoma kitabu hiki kwa sababu ya kifo cha mwandishi wake, nao hufanya haraka kuzipita kurasa za mwanzo, wakiona kwamba ni maneno ya kitoto tu ya darasani. Sisi twasema wamekosa. Asiyemjua yule mwanafunzi hamjui yule aliyekufa.

Katika kurasa hizo Anne awapima waalimu wake. Darasa zima latetemeka kwa kungoja mkutano wa waalimu, watakaoamua nani apande na nani arudie, naye aona kwamba waalimu ni watu ambao haiwezekani kujua mapema watakata shauri gani. Kisha asimulia habari za Bwana Keesing, mwalimu wa hesabu, mzee aliyechoka na maneno yake mengi darasani. Mwalimu akampa adhabu ya kuandika insha juu ya mtu msemaji. Anne hakuandika majuto ya uongo. Alileta hoja: kwamba kusema sana ameurithi kwa mama yake, na urithi hauponyeki. Mwalimu akacheka, lakini Anne aliposema tena, akamwongezea insha ya pili, na baadaye ya tatu. Hiyo ya tatu msichana aliitunga kwa mashairi, akisaidiwa na rafiki yake: habari ya bata mama, na baba bwana-maji, na vifaranga vitatu vilivyoumwa na baba yao hata vikafa, kwa sababu ya kelele zao. Mzaha ulikuwa juu ya mwalimu mwenyewe, naye aliutambua. Basi alifanyaje? Aliyasoma mashairi yale mbele ya darasa, tena mbele ya madarasa mengine. Toka hapo Anne akaachiwa aseme, wala hakupewa kazi nyingine ya adhabu.

Twawaomba waalimu wenzetu wakae kidogo juu ya habari hii. Mwalimu yule angaliweza kuichana karatasi ile, na hapana mtu ambaye angalimlaumu, maana mtoto alikuwa na kosa kweli. Lakini alisoma kilichoandikwa kabla ya kumkasirikia aliyeandika. Heshima yake haikupungua. Msichana mwenyewe ndiye aliyetuhifadhia jina lake, na bila daftari lile nani kwetu angalimjua Bwana Keesing? Twakumbuka mstari wetu mwekundu, nasi twaona haya. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na shule hulaliwa na wanafunzi.

Sasa tuangalie jinsi anavyonena juu ya mambo ya wakati wake. Vijana wetu wakiulizwa juu ya mambo ya dunia, hupenda kushika maneno makubwa waliyoyasikia kwa watu wazima. Anne haanzi hivyo. Asema kwamba kuna joto kali, na imempasa kwenda shuleni kwa miguu, kwa kuwa Wayahudi wamekatazwa kupanda tramu. Ahesabu makatazo mengine: sharti wavae nyota ya manjano, watoe baiskeli zao, wasionekane njiani usiku. Hahubiri. Lakini msomaji atembeaye naye katika jua lile amekwisha kuufahamu udhalimu wa sheria zile kuliko kama angalisomewa hotuba. Mateso yenyewe yalikuwa makubwa kupita kiasi: Wayahudi zaidi ya 100,000 wa Uholanzi waliuawa. Hesabu kama hiyo akili haiwezi kuichukua. Mtoto mmoja mwenye kiu, aliyekatazwa tramu, akili yamchukua.

Jambo jingine lililotugusa ni kwamba aliponyimwa shule ndipo alipoitafuta. Katika maficho yale alijifunza Kifaransa na historia, aliandika nasaba za wafalme, hata hesabu aliifanya, naye haipendi. Aliogopa kwamba vita vikiisha atarudishwa kuketi na watoto wadogo. Mwezi wa Juni 1944 aliandika pia juu ya wanawake, akiuliza kwa nini wamewekwa chini ya wanaume, na akisema kwamba maumivu ya mzazi yastahili heshima kama ya askari vitani. Wako wazee watakaosema kwamba si maneno ya mtoto wa miaka 15. Sisi twawauliza: wale wasichana waliotumwa kisimani wakati wa hesabu, waulize neno hili wakiwa na umri gani?

Hata hivyo, mhakiki asifiaye tu hana faida. Kitabu kina kasoro, na iliyo kubwa ni ulimi mkali juu ya watu waliofungiwa pamoja naye, na juu ya mama yake kuliko wote. Mkristo aliyefunzwa ile amri ya kuwaheshimu baba na mama atasoma mahali kadha kwa uchungu. Mama yule, aliyekufa Auschwitz mwezi wa Januari 1945, hakuandika daftari la kujitetea. Twamjua kwa hasira ya binti yake. Kwa hiyo hatuwashauri wazazi kuwaachia watoto wadogo kitabu hiki wakisome peke yao.

Lakini haki yataka tuseme na la pili. Tarehe 2 Januari 1944 Anne alizifungua kurasa zake za zamani, akayasoma yale aliyoyaandika juu ya mama yake, akashangaa na kuona haya. Hapana mwalimu aliyemwamuru. Yale maandiko ndiyo yaliyokuwa kioo chake. Mtoto aliyekatazwa kuandika hasira yake huikalia moyoni, wala haioni. Aliyeiandika aweza siku moja kuisoma na kuijutia. Baba yake, alipoyatoa maandiko yale, aliondoa baadhi ya maneno hayo, na matoleo ya baadaye, hasa lile la mwaka 1991, yalirudisha mengi. Sisi twaona vema yamerudishwa, kwa maana toba haieleweki ikiwa kosa limefichwa. Baba huyo huyo alikiri kwamba alipolisoma daftari, alikuta binti asiyemjua. Naye aliishi naye katika vyumba vichache kwa miaka miwili. Sisi wazazi ambao watoto wetu hulala bwenini miezi mitatu, tujue nini?

Tena tusidhani kwamba ni kipaji tu. Tarehe 28 Machi 1944 waziri wa elimu wa Uholanzi, aliyekuwa London, alisema kwa redio kwamba baada ya vita yatakusanywa madaftari na barua za watu. Anne akaanza kuandika upya daftari lake, akipunguza na kupanga, akajaza karatasi zaidi ya 200 katika majuma kumi hivi. Vijana wapendao kusema "nimeandika kama nilivyojisikia" na wajifunze hapo. Kweli ni mwanzo wa kuandika. Kazi ndiyo mwisho wake.

Alipokamatwa, karatasi zilitupwa sakafuni. Wanawake wawili waliokuwa wakiwaletea chakula wakaziokota, na mmoja wao, Miep Gies, akazitia katika mtoto wa meza bila kuzisoma, mpaka ilipojulikana kwamba mwenyewe hatarudi.

Kijana wetu wa kidato cha pili yu hai, naye sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Majuzi tulimwuliza kama insha ile ya kwanza aliiweka. Akacheka, akasema, "La, Mwalimu. Uliniambia niichome." Jambo hilo tulikuwa tumelisahau. Sasa twawapa wanafunzi wetu insha ile ile, "Shule Yetu", lakini kalamu nyekundu twaiacha nyumbani siku ya kuzisoma mara ya kwanza. Tena kengele ikilia, twajitahidi kuwa tumekwisha kufika.