Navoiy na Mwanafunzi wa Kiuzbeki

Asomaye lugha na fasihi ya Kiuzbeki katika chuo kikuu hana budi kukutana na kitabu kidogo cha Alisher Navoiy kiitwacho Muhakamat al-lughatayn, yaani Hukumu baina ya Lugha Mbili. Navoiy (1441–1501) alizaliwa na kufariki Herat, mji ambao leo umo Afghanistani. Kitabu hicho alikimaliza mwaka 1499, akikusudia kuthibitisha kwamba Kituruki chafaa utungo kuliko Kiajemi. Chuo kikuu cha lugha na fasihi ya Kiuzbeki kilichoanzishwa Tashkent mwaka 2016 kimepewa jina lake; si ajabu basi hukumu hiyo ikasomwa kwa heshima kuu. Lakini kuheshimu kitabu si kukisoma.

Hoja yake kubwa ni ya hesabu. Navoiy ataja vitenzi mia moja vya Kituruki, vikiwamo vya namna mbalimbali za kulia na za kunywa, ambavyo kwa maoni yake Kiajemi hakina neno la kuvilingana. Hoja hii ni dhaifu. Lugha ikipimwa kwa maneno isiyokuwa nayo jirani yake, kila lugha itashinda. Hata wavuvi watawashinda wafalme kwa majina ya samaki. Tena hukumu yenyewe imejaa maneno ya Kiajemi na Kiarabu, na hakimu alikuwa na diwani nzima ya Kiajemi aliyoitunga kwa jina la Fani! Ushahidi wa kweli alikwisha utoa zamani, katika tungo ndefu tano za Khamsa za miaka 1483 hadi 1485, ambamo Kituruki chajibizana na Nizami na Amir Khusrau katika uwanja wao wenyewe.

Hapo ndipo kasoro ya mafunzo ionekanapo. Lugha ya Navoiy, ambayo wengi huiita Kichagatai, ilipewa katika enzi ya Kisovieti jina la Kiuzbeki cha kale. Jina hilo lalipendeza taifa, lakini lampotosha mwanafunzi: hudhani kwamba Kiuzbeki chake chamtosha. Asiyejua Kiajemi husikia jibu bila ya kusikia swali.

Herufi nazo huzidisha taabu. Za Kiarabu ziliachwa mwishoni mwa miaka ya 1920 zikaja za Kirumi. Mwaka 1940 zikaja za Kirusi. Sheria ya 1993 ikazirudisha za Kirumi, na za Kirusi zingali zikitumika. O'tkan kunlar ya Abdulla Qodiriy, ihesabiwayo kuwa riwaya ya kwanza ya Kiuzbeki, ilipigwa chapa kwanza kwa herufi za Kiarabu. Ajuaye herufi mpya tu husoma kile walichochagua wahariri. Msomaji wa Kiswahili aliyezipata tendi za kale kwa herufi za Kirumi pekee aijua hasara hiyo.

Na wahariri hawakuchagua kwa uhuru. Qodiriy, Cho'lpon na Fitrat waliuawa Tashkent mwezi wa Oktoba 1938. Huyo Fitrat, mzaliwa wa Bukhara, aliandika kwa Kiajemi na kwa Kiuzbeki, na mwaka 1928 alitoa mkusanyo wa mifano ya fasihi ya Kiuzbeki. Mkusanyo huo, katika herufi zake za asili, wastahili kuwekwa mezani siku ya kwanza ya masomo, kabla ya Hukumu ya Navoiy kufunguliwa.